Kuikabidhi programu yako kwa systemd, umeme ukirudi nayo irudi

Wengi huwasha programu kwenye seva kwa `nohup` au ndani ya `screen` (zana za kuiacha programu ikiendelea hata ukitoka), wakaiona inafanya kazi, wakaenda zao. Umeme ukikatika usiku, asubuhi seva imewaka lakini programu haipo. Kwenye Ubuntu, Fedora na Debian (kuanzia toleo la 8 la mwaka 2015), anayewasha huduma na kuzichunga ni systemd, mchakato namba 1. Mpe kazi yake.

Mfano wetu ni programu ya mauzo ya Python, iko `/opt/duka`, na hifadhidata yake ya PostgreSQL iko kwenye seva hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Ipe mtumiaji wake. Usiiendeshe kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), hata kwa majaribio. Majaribio yana tabia ya kudumu.

`sudo useradd --system --shell /usr/sbin/nologin duka`

Hatua ya 2: Andika faili ya huduma, `/etc/systemd/system/duka.service`:

```
[Unit]
Description=Mauzo ya duka
Wants=postgresql.service
After=postgresql.service

[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/opt/duka
EnvironmentFile=/etc/duka.env
ExecStart=/opt/duka/venv/bin/python mauzo.py
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

`After` hupanga foleni tu: nani aanze kwanza. Haimwiti mtu. Anayeita ni `Wants`, ndiyo maana ziko zote mbili. Kwenye `ExecStart` andika njia kamili ya programu, na usiweke `|` wala `>`, kwa sababu mstari huo haupitii kwenye shell (programu inayotafsiri amri unazoandika).

Sasa `RestartSec`, mstari ambao miongozo mingi huuruka. Usipouandika, systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuwasha tena huduma iliyoanguka. Wakati huo huo ina kikomo chake: huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, jaribio linalofuata linakataliwa na huduma inaachwa imelala. Fikiria seva iliyozimika ghafla. Hifadhidata inaweza kuchukua muda kujiweka sawa. Programu yako inagonga mlango, inakosa jibu, inaanguka. Mara tano, pengine ndani ya sekunde chache. Hifadhidata inapokuwa tayari, systemd imeshakata tamaa. Ukiweka sekunde 5, kikomo hicho hakifikiwi, na programu itaendelea kujaribu mpaka ifunguliwe. Huduma iliyokwisha kugonga kikomo huachiliwa kwa `sudo systemctl reset-failed duka`.

Hatua ya 3: Ficha nywila. Ziweke kwenye `/etc/duka.env`, kisha `sudo chmod 600 /etc/duka.env` na faili ibaki ya root. Huduma bado itazipata, maana systemd huisoma faili hiyo kabla ya kumvaa mtumiaji `duka`.

Hatua ya 4: Washa.

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now duka
```

`start` peke yake huwasha sasa. `enable` peke yake huagiza iwake seva ikianza. `--now` inaunganisha yote mawili. Na kila ukihariri faili ya huduma, rudia `daemon-reload`, halafu `restart`, la sivyo utakuwa unaisumbukia faili ambayo systemd haijaisoma.

Hatua ya 5: Angalia. `systemctl status duka`. Ukiona `203/EXEC`, faili ya kuendeshwa haipo au haina ruhusa. `217/USER`, mtumiaji hayupo. `200/CHDIR`, folda haifikiki. Mengine yatafute kwenye `journalctl -u duka -n 50`, na ongeza `-f` ukitaka kufuatilia moja kwa moja.

Hatua ya 6: Iangushe kusudi.

`sudo systemctl kill -s SIGKILL duka`

Baada ya sekunde 5 inatakiwa kuwa hai tena. Usijaribu kwa `kill` ya kawaida: hiyo hutuma SIGTERM (ishara ya kuiomba programu ijifunge), ambayo `on-failure` huihesabu kuwa ni kuzimwa kwa amani, na huduma haitawashwa. Kama unataka irudi hata hapo, tumia `Restart=always`; `systemctl stop` bado itaizima kama kawaida.

Mwisho, `sudo reboot`, katika saa ambayo duka limefungwa.