Unga, karafuu na siki: namna ya kufundisha seli inayokula mfupa

Mwalimu mwenzangu wa Biolojia, somo la osteoklasti hapa Wete nalifundisha kwa vitu vya jikoni. Wanafunzi wengi wakisikia kuwa seli hii inayomung'unya mfupa ina viini vingi, hudhani imejigawa viini ikashindwa kukatika mwili. Sivyo. Ni seli nyingi zilizoungana zikawa moja, na hilo nataka waondoke nalo skuli wakiwa na hakika nalo.

Mfupa utangulie, maana unataka siku nne au tano. Safisha nyama yote kwenye mfupa wa bawa la kuku, utumbukize ndani ya siki, na katikati ya muda huo ubadilishe siki.

Siku ya kipindi kanda unga wa ngano mafungu mawili. Moja litie bizari ya manjano, la pili libaki jeupe. Kata vidonge vya ukubwa wa kunazi na kila kimoja ukichomeke karafuu kavu moja. Kidonge ni seli, karafuu ni kiini. Waeleze kuwa seli hizi changa zinatoka kwenye uboho, ukoo mmoja na monositi na makrofeji, ambazo ni seli za kinga za mwili.

Usiviunganishe bado. Kwanza M-CSF, protini ya kupeleka ishara, inaziweka hai na kuzizidisha. Kisha inahitajika RANKL, protini nyengine ya ishara, inayotolewa na osteoblasti (seli zinazojenga mfupa) na seli nyengine za mfupa. Simamisha mwanafunzi mmoja awe osteoblasti, ampelekee RANKL (kikaratasi kinatosha) mwenye vidonge, ambaye ndiye RANK, mpokeaji. Mwengine awe OPG, protini inayoizuia RANKL, kazi yake kukidaka kikaratasi njiani. Kikidakwa, hakuna kuungana. Rudieni mara kadhaa, kwani hapa ndipo pa kuwaeleza habari za bibi zetu wanaovunjika nyonga kwa kuteleza uani: mwanamke akikoma hedhi, estrojeni hushuka, RANKL ikazidi nguvu, na mfupa ukaliwa kwa kasi kuliko unavyojengwa.

RANKL ikifika, ndani ya seli huamka NFATc1, protini inayowasha jeni, nayo huamrisha itengenezwe DC-STAMP, protini ya utandoni ambayo bila yake seli haziungani. Mwaka 2005 watafiti walionesha kuwa panya wasio nayo hupata osteoklasti zenye kiini kimoja tu, na zinakula mfupa kwa udhaifu.

Sasa unganisha, taratibu. Vuta kidole chembamba cha unga kutoka kidonge cheupe kiguse cha manjano. Seli nazo hunyoosha vidole hivyo. Tando mbili zikakaribiana, tabaka zao za nje zikachanganyika, ukafunguka upenyo, na ute wa ndani ukaanza kupitana. Bana kidogo kidogo bila kugusa karafuu, maana viini havichanganyiki. Mpe kila mwanafunzi atazame kwa karibu: donge moja, mistari ya manjano ndani ya weupe, karafuu mbili kila moja pahala pake. Ongeza kidonge cha tatu. Maabara huanzia hapo, viini vitatu, kuihesabu seli kuwa osteoklasti. Za binadamu mara nyingi zina 5 hadi 20. Na haziishii hapo: utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa osteoklasti huendelea kupokea viini vipya kutoka kwa seli za damu zinazokuja kuungana nayo.

Mwisho toa mfupa ndani ya siki, uoshe, uwape waukunje. Unapinda bila kukatika, kwa sababu asidi imeondoa madini na kubakisha kolajeni, protini laini ya mfupa. Osteoklasti nayo hujibandika mfupani, ikaziba ukingo wake pande zote, ikamimina asidi chini yake, kisha kimeng'enya chake, kathepsini K, kikaikata kolajeni. Siki yetu imefanya nusu ya kwanza tu.

Swali la kuwapima: seli changa nyekundu na za kijani zimechanganywa kwenye sahani moja, zikapewa M-CSF na RANKL. Zingekuwa zinajigawa tu, kila seli kubwa ingekuwa na rangi gani? Na zikiungana, tutaona nini? Anayejibu kuwa za kujigawa zitakuwa na rangi moja moja, na za kuungana zitabeba zote mbili, mpe alama zote.