Kumwandaa mwalimu wa hisabati wa msingi: anza na makosa ya watoto, andalio la somo baadaye

Wakuu, mwongozo huu ni kwa ajili ya wakufunzi wa vyuo vya ualimu, walimu wa shule za msingi mnaopokea wanachuo wakija BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), na hata wewe mwanachuo ambaye mkufunzi wako hana muda na wewe. Mi nafundisha mbinu za kufundishia hisabati hapa Tanzania na haya ndo ninayoenda nayo darasani. Kawaida yetu tunaanza na muhtasari, azimio la kazi, andalio, zana, alafu kijana anapelekwa BTP anafundisha kutoa kwa kukopa, tuseme 503 − 187, mtoto anaandika 484, yeye anatia kosa kwa peni nyekundu anahamia kwa mwingine, basi. Mi nageuza hiyo, kijana kwanza ajue mtoto atakosea wapi na anawaza nini akikosea, ndo ashike andalio.

Hatua ya 1: Mpe mwanachuo mtihani wa mtoto

Usimuulize anajua nini, mpe karatasi. Maswali matano yanatosha:

503 − 187
½ + ⅓
Ipi kubwa, 0.35 au 0.8?
10 − 3 + 2
1¾ ÷ ½

Watakuangalia kama umewadharau, acha tu. Wakimaliza waambie chini ya kila swali waandike majibu mawili ya uongo ambayo mtoto angeyatoa, na kila jibu lielezwe mtoto kalipataje. "Hakuelewa" na "hakuwa makini" ni marufuku, ukikutana nayo kata. Hapo ndo utaona peni zinasimama, maana kupata 316 kwenye lile la kwanza ni kitu kimoja na kujua mtoto kapataje 326 ni kitu kingine kabisa.

Ila usishangae kama wapo watakaokosa wenyewe, hasa 10 − 3 + 2. Utapata wanaoandika 5, na hoja wanayo: MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), kujumlisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo 3 + 2 ni 5, toa kwenye 10 inabaki 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unaenda kushoto kwenda kulia. Wachimbe hapohapo, waulize mbona kwenye GAZI mtu hapati shida? Wajaribu 12 × 6 ÷ 3, ukianza kugawanya unapata 24, ukienda moja kwa moja kutoka kushoto unapata 24 ileile. Ndo maana MAGAZIJUTO inamdanganya mtu miaka na miaka bila kumkamata, mpaka siku kutoa kunatangulia kujumlisha. Sisemi tuifute, inasaidia, ila mwalimu anayeifundisha ajue inavunjikia wapi.

Hatua ya 2: Madaftari ya watoto wenyewe

Nenda shule ya mazoezi iliyo karibu na chuo, ongea na mwalimu mkuu na mwalimu wa somo, omba madaftari ya darasa la tatu hadi la sita kwa siku moja. Piga picha kurasa zenye makosa, funika majina ya watoto, hili usilichukulie poa. Toa fotokopi, wape wanachuo wakae wawili wawili.

Kazi yao ni kutafuta kanuni ya mtoto. Chukua ile 503 − 187. Mwenye 484 kila safu anatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu, 7 toa 3 ni 4, 8 toa 0 ni 8, 5 toa 1 ni 4. Mwenye 326 kakopa kwenye mia, akaipa safu ya makumi kumi nzima na mamoja nayo kumi, akasahau makumi yamebaki 9. Mwenye 306 karuka sifuri kwenda kukopa moja kwa moja kwenye 5, alafu alipofika 0 toa 8 akaona haiwezekani akaandika 0. Watoto watatu, maradhi matatu, na ukiwarudishia wote "rudia kusoma mfano ubaoni" hujamtibu hata mmoja. Kule Marekani mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walishaonyesha kwamba makosa mengi ya kutoa hayaji ovyoovyo, mtoto anafuata utaratibu wake kwa uaminifu kabisa, tatizo utaratibu una hitilafu.

Na wasisome makosa tu, wasome na vema. Mtoto aliyesema 0.8 ni kubwa kuliko 0.35 katiwa vema, safi, lakini muulize kwa nini. Wapo wanaosema "kwa sababu ina tarakimu chache". Huyo mpe 0.4 na 0.73 uone. Mwambie mwanachuo akiona jibu sahihi ajiulize je lingeweza kupatikana kwa njia mbovu, na kama lingeweza basi swali lake halipimi kitu, abadilishe namba.

Hatua ya 3: Watunge hadithi ya 1¾ ÷ ½

Hii ndo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote, na msinibishie mpaka mjaribu. Jibu wote wanalijua, geuza sehemu ya pili juu chini, zidisha, 3½. Sasa waambie: tungeni hadithi ya mtaani ambayo jibu lake linapatikana kwa hesabu hiyohiyo.

Utaletewa "nina mkate mmoja na robo tatu, nagawana na mwenzangu nusu kwa nusu". Hiyo ni kugawa kwa 2, jibu 7/8. Usiseme kosa. Mwambie apige hesabu ya hadithi yake kwa mchoro, ataona mwenyewe haifiki 3½, na darasa zima litaanza kubishana, waache wabishane.

Baada ya hapo wape sukari: nina kilo moja na robo tatu, nafunga vifuko vya nusu kilo, napata vifuko vingapi? Wachore. Vifuko vitatu vinajaa, inabaki robo kilo. Sasa hapa kuna mtego mtamu sana, mtu mmoja lazima atasema "basi jibu ni 3¼, si imebaki robo?" Kweli imebaki robo, robo ya kilo. Lakini swali linauliza vifuko, na robo kilo ni nusu ya kifuko. Kwa hiyo 3½. Mwanachuo akilimeza hili, yaani kwamba jibu linahesabiwa kwa kipimo cha kigawanyo (hapa ni vifuko, sio kilo), amepata kitu ambacho "geuza juu chini" haikumpa miaka yote ya shule.

Swali hili sijalitunga mimi. Mtafiti Liping Ma aliwapa walimu wa msingi wa Marekani na China, matokeo yakachapishwa 1999, na katika Wamarekani 23 mmoja tu ndo alitunga hadithi iliyokaa sawa kihesabu, wakati Wachina ilikuwa 65 kati ya 72. Na hao Wachina wengi wao walimaliza darasa la tisa wakaenda chuo cha ualimu, hawana digrii. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa ni kumrundikia mwanachuo hesabu za chuo kikuu mpe swali hili kwanza tuone.

Hatua ya 4: Zana, lakini zana inayofanya kazi

Nisiongee sana hapa. Chati ya manila yenye maua pembeni haimfundishi mtu kukopa. Kwa namba ndogo tumia vijiti vya fagio la chelewa, kata, funga kumi kumi kwa rababendi. Kwa mamia vijiti ni mateso, tumia pesa za kuchora: elfu kumi, buku, na sarafu ya mia. Ile 503 − 187 inageuka 50,300 toa 18,700. Una noti tano za elfu kumi, buku huna hata moja, una sarafu tatu za mia, unadaiwa 18,700. Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani anajua la kufanya, unachenji elfu kumi moja upate buku kumi, alafu buku moja unaichenji upate sarafu kumi za mia. Mkononi sasa una elfu kumi nne, buku tisa, mia kumi na tatu. Ile 9 ambayo watoto wanaisahau si hiyo hapo wanaishika? Lipa 18,700, zinabaki 31,600. Muhimu: mwanachuo aandike ubaoni kila hatua wakati noti zinahama, noti na maandishi viende pamoja, akimaliza mchezo wa noti kwanza ndo aandike baadaye watoto hawataunganisha.

Hatua ya 5: Sasa andalio

Fomati ya chuo chako ifuate ilivyo, sitaki ugomvi na mtu. Nachoongeza ni kitu kimoja, pembeni ya kazi ya mwanafunzi, mahali ambapo watu huandika "kusikiliza kwa makini" na "kujibu maswali", aandike majibu matatu anayotegemea kuyasikia na kila moja atalijibu kwa swali gani. Kwa SWALI, sio maelezo. Mtoto akisema ½ + ⅓ ni 2/5, mwalimu asianze "hapana, tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika)". Amuulize, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ndogo. Sasa ulikuwa na nusu nikakuongezea, imepungua vipi? Kaa kimya umsubiri.

Hatua ya 6: Wafundishane

Dakika kumi kila mtu, swali moja tu, wenzake wanakuwa watoto na kila mmoja umempa kikaratasi chenye kosa lake la kulisimamia, mmoja ni 484, mmoja 326. Wewe kaa nyuma na usikilize vitu vitatu.

Kwanza "tumeelewana?" Darasa lote litaitikia ndiyooo mwalimu, hata angekuwa amefundisha Kichina. Akisema tena msimamishe, aombe kila mtu aandike jibu la swali jipya kwenye karatasi anyanyue juu.

Pili "nani amsaidie?" Hii tumekua nayo wote, mtoto akikosa tunamrukia anayejua, aliyekosa anakaa chini na kosa lake. Abaki naye angalau kwa swali moja zaidi.

Tatu makofi. Jibu sahihi linapigiwa makofi matatu na mjadala umekufa hapohapo. Kama unataka makofi, pigeni kwa aliyeeleza njia yake, hata kama jibu limeishia pabaya.

Hatua ya 7: BTP

Kijana akifika shuleni akakuta watoto mia na kitu darasa moja, ya chuoni yote yanaweza kumtoka. Mwombee apewe mikondo miwili ya darasa lilelile. Afundishe mkondo A, mwenzake na mwalimu wa darasa wakae nyuma waandike watoto walisema nini (sio mwalimu alivaaje au ubao ulifutwaje), jioni wakae nusu saa wabadilishe swali moja au namba moja, kesho mkondo B. Wajapani wanafanya hivi toka zamani na ukiangalia hata MEWAKA yetu (mafunzo endelevu ya walimu kazini) na jumuiya za kujifunza shuleni zinataka jambo hilohilo, kwa hiyo mwalimu mkuu akiuliza unampotezea nini muda, jibu unalo.

Kwa wingi wa watoto, wakae wawili wawili, kila dawati karatasi moja, yeye azunguke na peni bila kusahihisha, atafute yale majibu matatu aliyoyaandika pembeni. Akiyapata awaite wenye nayo waje ubaoni kwa mpangilio, kosa kwanza, sahihi mwisho. Dakika 40 zinatosha kwa maswali mawili hivi. Mwalimu mlezi atalalamika mbona mawili tu wakati kitabu kina kumi, mwambie hayo mengine ni ya nyumbani.

Na kama unaandaa wa sekondari, kidato cha kwanza na cha pili, fanya yote hayo ila ongeza moja: mtoto anakuja anajua KDS vizuri tu, ukimwandikia LCM, ambayo ni KDS hiyohiyo kwa Kiingereza, anakodoa macho. Kabla ya mada mpya mwanachuo aandike maswali mawili ya darasa la sita ubaoni, moja kwa Kiswahili na lilelile kwa Kiingereza, aone ni wangapi wanapata la kwanza na kukosa la pili. Hao hawahitaji kufundishwa hesabu upya, shida yao ni lugha.