Jinsi ya Kubashiri Kikosi na Mbinu Kabla ya Mechi ya Soka ya Wanawake

Wanaobishana kuhusu vikosi katika baraza za Malindi huanza na majina ya nyota, ilhali inafaa kuanza na wasioweza kucheza, yaani majeruhi na waliofungiwa kwa kadi. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, Lauren James wa Uingereza alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Nigeria, akakosa mechi 2, na nafasi yake ikachukuliwa na Ella Toone.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kumsoma kocha. Sarina Wiegman, kocha wa Uingereza, alianza na wachezaji wale wale 11 katika mechi zote 6 za Euro 2022. Kwa hivyo James aliporejea kwa fainali ya 2023, aliyeijua tabia hiyo angebashiri kwamba Toone angeendelea kuanza, na ndivyo ilivyokuwa.

Kisha tazama mfumo. Mabeki wa kati wakiwa watatu, wale wa pembeni hupanda na kuacha uwazi nyuma yao. Katika fainali hiyo, Lucy Bronze, beki wa pembeni wa Uingereza, alipoteza mpira akiwa amepanda, na Olga Carmona akaifungia Uhispania bao la pekee kutokea upande huo.

Kwa mechi za wasichana wa hapa, ambazo orodha zake aghalabu hazitangazwi mapema, fika wakati wa kupasha misuli moto uone kipa yupi anapigiwa mashuti na nani anajaribu kona. Na msimu wa kusi, angalia pia upepo unaelekea goli lipi, kwani timu inayoukabili hulazimika kucheza pasi fupi za chini.