Mirunda na viunzi vya farasi: pima hatua yake kabla ya kupanga

Julai moja, asubuhi ya baridi na ukungu umeufunika Mlima Meru, nilipanga mirunda minne, yaani miti ya mviringo inayolazwa chini ili farasi aivuke, kwenye uwanja wa shamba moja upande wa Usa River. Sikuwa na kipimo. Nilihesabu hatua zangu mwenyewe. Farasi wa kwanza, mrefu, alipita vizuri. Wa pili alikuwa mdogo. Alipofika mrunda wa tatu miguu haikumfikisha, akaukanyaga, nao ukabiringika na kwato yake. Alichechemea siku kumi. Tangu hapo sitoki bila futi ya fundi mfukoni.

Vipimo vya kuanzia vipo, na kwa farasi mkubwa havina utata. Akitembea, acha sentimita 80 hadi 90 kati ya mrunda na mrunda. Kwa troti, yaani mwendo wa matiti, mita 1.2 hadi 1.4. Kwa kanta, yaani mbio za taratibu, ile ya pole ya mazoezi, mita 2.7 hadi 3. Farasi mfupi mpunguzie. Ila usianze na mirunda miwili tu: farasi wengi wakiiona huidhania kiunzi (kizuizi cha kuruka) kipana, wakairuka yote kwa mpigo. Weka mmoja, akiuzoea ongeza hadi mitatu au minne.

Vipimo hivyo ni vya kuanzia tu, maana anayekupa jibu la kweli ni farasi mwenyewe, na huliandika chini. Mwambie saisi, mtunza farasi, asawazishe uwanja kwa reki, kisha farasi apite mara moja kwa kanta bila mirunda. Chagua alama ya mguu mmoja, tuseme wa nyuma kushoto, upime hadi pale mguu huohuo ulipokanyaga tena. Hiyo ndiyo hatua yake. Kwenye troti juu ya mirunda, kwato inatakiwa itue katikati ya nafasi. Ukiona alama zinazidi kuusogelea mrunda wa mbele, nafasi ni finyu kwake, itanue. Zikibaki nyuma, karibu na mrunda aliokwisha kuuvuka, ipunguze. Sogeza sentimita 10 tu kwa mara moja, fagia, kisha tazama tena. Kazi hii inachosha, najua, na mpanda farasi atakuwa anakuhimiza umalize.

Kwenye viunzi hesabu ni nyingine. Hatua kamili ya kanta ya farasi mkubwa huhesabiwa mita 3.6, sawa na hatua nne za mtu za sentimita 90. Baada ya kuruka anahitaji kama mita 1.8 za kutua, na mita 1.8 nyingine za kujiandaa kuruka tena. Kwa hiyo viunzi viwili vyenye hatua moja katikati hukaa mita 7.2, hatua mbili mita 10.8, hatua tatu mita 14.4. Lakini huo ni mwendo wa mashindano na viunzi vinavyokaribia mita moja. Nyumbani, kwenye kiunzi cha sentimita 60 unachokiendea kwa troti, nafasi ya hatua moja ni kama mita 5.5. Anayechukua 7.2 na kuipachika hapo humlazimisha farasi aruke kutoka mbali, na farasi aliyeogopeshwa hivyo mara mbili hukataa kiunzi mara ya tatu. Ukitaka kumsaidia apate mahali pa kurukia kwa troti, laza mrunda mmoja mita 2.4 hadi 2.7 kabla ya kiunzi.

Farasi hukisia kiunzi kwa kutazama chini yake. Mrunda unaolazwa chini ya kiunzi ukae chini yake moja kwa moja au usogee kidogo upande anakotokea farasi. Ukiwa nyuma ya kiunzi humdanganya, akakikaribia mno.

Ardhi nayo ina neno lake. Wakati wa masika udongo mweusi hushika kwato na hatua hufupika. Kwenye vumbi zito la kiangazi ni vilevile. Akipanda mteremko hatua hufupika, akishuka hurefuka, na akielekea bandani kwake hurefuka hata kwenye tambarare. Viwanja vyetu vingi vya chini ya Meru na Kilimanjaro vina mwinamo, kwa hiyo mstari uleule ukiupitia kutoka upande wa pili unahitaji kupimwa upya.

Mirunda ya mikaratusi au misindano, mizito, yenye urefu wa mita 3 hivi, inafaa. Chonga upande mmoja uwe bapa, au uegemeze kwa vifuko vya mchanga, usibiringike. Mabomba ya plastiki ni mepesi mno, yakiguswa tu yanakimbia. Ukipaka rangi, nyeupe na buluu zinaonekana vizuri. Nyekundu juu ya majani mabichi farasi haitofautishi sana.

Wengine hufunga mafundo kwenye kamba ya katani iwe kipimo chao cha kudumu. Nilijaribu. Ikilowa umande hunywea, na kufika saa nne imerudi urefu mwingine.