Unataka kuigiza muvi? Anzia hapa

Usisubiri upewe usteringi siku ya kwanza, marehemu Steven Kanumba mwenyewe, staa wa filamu za Tanzania, mzaliwa wa Shinyanga 1984, alipitia kundi la Kaole kwenye maigizo ya ITV ndo akaja kutamba bongo muvi. Kwahiyo tafuta kundi kwanza, hata la shuleni au kanisani, wakupige msasa.

Halafu jirekodi na simu, video ya usaili ya kuwaonyesha wanaotafuta waigizaji. Geukia dirisha mwanga ukupige usoni, simu ilaze kwa upana, iwe usawa wa macho, taja jina na umri ukiangalia kamera, ukianza kuigiza sasa usiiangalie tena, mtazame mtu aliyesimama pembeni yake anayekusomea mistari ya mwenzio (asome kwa sauti ya chini bana, asikufunike). Dakika moja inatosha.

Wakikudai hela ya usaili, sepa. Chini ya 18 nenda na mzazi.