Somo: Jinsi ya kutafuta makundi ya maji moto pembezoni mwa Dar es Salaam

Somo hili ni la yeyote anayetaka kuwapata maji moto, wale chungu wa mitini wanaoshona majani, awe anataka kuwachunguza au kuwahamishia kwenye michungwa na mikorosho yake. Huna haja ya kuingia msitu wa Pugu. Bunju, Chanika, Kibaha, Mkuranga, popote ambapo miembe ya zamani imebaki katikati ya nyumba, pana uwezekano wa kuwakuta. Kuona kiota ni rahisi. Kinachowashinda wengi ni kujua viota vipi ni vya kundi moja, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Saa na mavazi. Nenda asubuhi jua likishachomoza vizuri, au alasiri. Vaa mikono mirefu na uchomeke suruali ndani ya soksi. Maji moto hana mwiba: anang'ata, kisha ananyunyizia asidi pale pale alipong'ata.

Hatua ya 2: Anza na shina. Tafuta msururu unaopanda na kushuka, uufuate kwa macho hadi juu. Kiota ni fungu la majani mabichi yaliyounganishwa kwa nyuzi nyeupe. Nyuzi hizo zinatoka kwa mabuu. Wafanyakazi huwashika mabuu mdomoni na kuwapitisha kutoka ukingo wa jani hadi mwingine. Majani yakiwa makavu na ya kahawia, mara nyingi wenyewe wameshahama. Kigonge taratibu kwa fimbo ndefu. Kama wamo, utasikia mchakarisho ndani, wanapiga majani kuonyana.

Hatua ya 3: Tafuta mipaka ya kundi. Kundi moja hukaa kwenye viota vingi, miti mingi, na kwa kawaida malkia ni mmoja, yumo kwenye kiota kimoja tu kati ya hivyo. Matawi yanayogusana, ua, hata kamba ya kuanikia nguo, yote ni madaraja yao. Kwa hiyo usihesabu kiota kimoja ukasema umepata kundi.

Kipimo ni hiki: chukua chungu wachache kwa kijiti kutoka mti wa kwanza, uwaweke kwenye njia ya chungu wa mti wa pili. Wakiwa ndugu, watapapasana na kuendelea na safari. Wakiwa wageni, wenyeji watapanua taya, watainua matumbo, kisha watawakamata miguu na kuwavuta kila upande. Rudia mti kwa mti, ukichora ramani kwenye karatasi. Ukikuta mti usio na kundi lolote katikati ya miti yenye maji moto, huenda ndio mpaka wenyewe. Kazi hii inahitaji uvumilivu, lakini naipenda kuliko zote. Ghafla mtaa unaoujua unauona una nchi zake.

Hatua ya 4: Kagua ardhi. Weka kipande cha dagaa chini ya mti. Wakija chungu wadogo wa kahawia, baadhi yao askari wenye vichwa vikubwa kupita kiasi, hao ni maadui wakubwa wa maji moto. Mti ulioshikwa nao usitegemee kukuta kiota juu.

Maswali ya wanachama

*Mkulima, Mkuranga:* Shikamoo mwalimu. Nilikata viota kwenye miembe ya jirani nikavifunga kwenye michungwa yangu. Wameisha wote.

Marahaba. Kwanza fanya kipimo cha hatua ya 3, huenda ulichanganya makundi mawili wakauana. Pili weka dagaa chini ya michungwa. Ukihamisha tena, chukua viota vya kundi moja, vingi uwezavyo, na ufunge kamba kati ya mti na mti wapite.

*Mama, Kibaha:* Watoto wanacheza chini ya mwembe na wanang'atwa. Nipulize dawa?

Hapana mama, nakusihi. Hao ndio wanaowinda wadudu wanaofyonza korosho changa na vidaka vya nazi. Punguza matawi ya chini, na hamisha kamba ya nguo kutoka kwenye mti huo.

*Mwanafunzi, Mombasa:* Malkia anapatikana lini? Nasikia ng'ambo wananunua.

Wakati wa mvua za masika, malkia wenye mabawa wanaporuka. Baadaye hujificha kwenye majani. Mtazame, mpige picha, mwache. Mwezi Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na chungu hai bila kibali. Vijana wawili kati yao, raia wa Ubelgiji, walikuwa na malkia wapatao 5,000. Malkia akiondoka, mdogo wangu, hakuna wa kutaga mayai ya wafanyakazi wapya, na kundi huisha kadiri waliopo wanavyokufa.