Adabu za Kuzingatia Unapovuka Mpondwe Kwenda Beni na Butembo

Mfanyabiashara wa Kasese au Kampala anayevuka daraja la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, kuingia Kasindi na kuendelea hadi miji ya Beni na Butembo hudhani kwamba Kiswahili kitamtosha, kwa kuwa ng'ambo nako watu wanazungumza Kiswahili. Kwa mizigo na bei kinatosha kweli. Lakini mashariki mwa Kongo Kiswahili kimeishi na Kifaransa kwa miaka mingi, na adabu nyingi za dukani, za ofisini na za mbele ya mtu usiyemjua hufuata mkondo wa Kifaransa, kiasi kwamba asiyezijua huonekana mkali ilhali hakukusudia.

Lenye uzito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni salamu. Usiulize bei, usiulize njia, wala usimkabidhi ofisa pasipoti kabla hujasema "Bonjour" na kumwita mtu kwa heshima yake: "Papa" au "Maman" kwa mtu mzima wa mtaani, "Monsieur" au "Madame" kwa mtu wa ofisini. Jioni sema "Bonsoir". Katika safari yangu ya kwanza Butembo niliingia duka la vitenge nikauliza papo hapo, "Hii bei gani?" Mama mwenye duka aliendelea kukunja kitenge chake, pindo juu ya pindo, akakilaza juu ya rundo, ndipo akaniangalia na kusema taratibu, "Bonjour, papa." Niliitikia, nikamwuliza habari za asubuhi, na bei ikatajwa bila kinyongo.

Sisi wa Uganda tuna la ziada la kuangalia. Wengi wetu tulikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, tukazoea kukisema kwa amri: "leta", "toa", "kuja hapa". Kule amri tupu humkera msikilizaji. Malizia ombi lako kwa "s'il vous plaît", sema "pardon" unapompita mtu katika msongamano, na "merci" au "aksanti" unapopokea. Ukijaribu Kifaransa, mwite "vous" kila mtu mzima usiyemzoea. "Tu" ni ya mtoto na rafiki, na si mgeni anayepaswa kuianza.

Bei hutajwa mara nyingi kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, hivyo jifunze namba mapema. Kwa kuwa Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji hadi 1960, 70 huitwa "septante" na 90 huitwa "nonante", tofauti na "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix" za vitabu vya Ufaransa. Dola za Marekani hupokelewa, ila noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa, na kumbishia muuzaji ni kumwonea, maana naye hatapata wa kumpa.

Saa nazo huwapoteza wengi. Saa za Beni ziko nyuma ya zetu kwa saa moja: saa tatu asubuhi ya Kasese ni saa mbili kule. Tena anayekwambia kwa Kifaransa mkutane "à huit heures" anamaanisha saa mbili asubuhi, wala si saa nane. Magari hupita upande wa kulia, basi unapovuka barabara tazama kushoto kwanza.

Ukiwakuta watu wakila, watakie "bon appétit" kabla ya kueleza shida yako. Usipige picha za askari, madaraja wala majengo ya serikali, na kabla ya kuondoka Mpondwe waulize madereva waliorudi siku hiyo kuhusu usalama wa barabara, kwa kuwa hali hubadilika.

Asubuhi au jioni, ukiona wapita njia wamesimama ghafla karibu na ofisi ya serikali, huenda bendera inapandishwa au inashushwa. Simama nawe hapo hapo, hata kama una mzigo kichwani, usiongee na simu, na usiinue mguu mpaka wenyeji wawe wameanza kutembea.